Pijo imeuzwa, injini njia yake bodi njia yake

Nimeuza Pijo, ile Peugeot 504 ya zamani niliyokuwa naifufua hapa Arusha. Wale ambao kila mkiniona nagombania kifodi (daladala) pale Sanawari mnauliza "vipi ile 504 imefikia wapi", jibu ndo hilo, imeondoka, tena haikuondoka nzima, nitafika huko. Afu kabla hamjaanza kunipa pole tuelewane kabisa, sijauza kwa shida na wala sioni kama kuna mtu alinipiga. Nilitaka gari ya kutengeneza, nimeitengeneza, imeisha. Ninachotaka kuongelea ni bei, maana hapo ndo nimeona mambo ambayo fundi hawezi kukwambia ukiwa unaanza, na dalali ndo kabisa.

Hesabu kwanza ili tusizungushane. Gari niliichukua Tanga kwa milioni 4, kuipandisha kwenye semi mpaka Arusha laki 8. Bodi na rangi milioni 6 na nusu. Injini, ukijumlisha gereji ya kwanza iliyoiharibu na ya pili iliyoifufua, milioni 5 na laki 2. Breki, shokapu na bushi zote milioni 1 na laki 6, tairi nne laki 7 na elfu ishirini, fundi umeme laki 4 na nusu, viti laki 9, afu raba za vioo na vikorokoro nilivyoagiza Ufaransa milioni 1 na laki moja pamoja na usafiri. Jumla milioni 21 na kitu. Hapo sijaweka soda za mafundi, bodaboda za kufata spea na zile "bosi tuachie ya chai" ambazo ukiziandika kila siku utaumwa kichwa. Mke wangu aliziandika. Ana daftari. Sijawahi kuomba kuliona na yeye hajawahi kunionyesha, tunaishi vizuri.

Ilikuwa 504 ya 1972, sedani, petroli ya cc 1971, kabureta, gia ya mkono kwenye usukani, ile ambayo vijana wa kuosha magari wakiingia wanaitafuta chini hawaioni wanatoka wanakuangalia tu. Kwa mliozaliwa juzi, Peugeot waliitoa 504 mwaka 1968, ikapewa tuzo ya gari bora la mwaka 1969 huko Ulaya, umbo ni la Pininfarina wa Italia, kile kibuti cha nyuma kinachovunjika kushuka ghafla ni mkono wao. Huku kwetu ikawa gari ya wakubwa na gari ya kazi kwa wakati mmoja, Kenya steshenwagoni zake zilibeba abiria wa masafa marefu miaka na miaka. Safari Rally ilishinda 1975 na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, ile kupe ya V6. Kabla ya hapo 404 ilichukua 1966 na 1967 mfululizo, dereva Bert Shankland, mtu aliyekuwa anaishi hapa hapa Tanzania. Haya yote niliyaandika kwenye tangazo. Watu walioyasoma wakanitumia emoji ya moto, afu wakauliza lita moja inaenda kilomita ngapi.

Tuanze na bodi maana ndo iliyokula hela nyingi na, kwa mshangao wangu, ndo iliyorudisha. Gari ya Tanga imelala na chumvi ya bahari. Kwa macho ilikuwa inang'aa, aliyeniuzia alikuwa ameipiga rangi juzi juzi, lakini nilienda na sumaku ya friji na nikawa naipitisha taratibu kwenye milango, inashika, inashika, ikifika chini kwenye kizingiti inateleza inaanguka. Pale hamna bati, ni puti tupu, ule udongo wa kuziba matundu. Kwa hiyo nilijua nanunua nini, ndo maana ilikuwa milioni 4. Ambacho sikukitegemea ni sakafu upande wa dereva, fundi bodi alipokwangua alikuta kipande cha debe la mafuta ya kula kimechomelewa, maandishi bado yanasomeka. Mtu alikuwa anaendesha gari miguu iko juu ya debe la mafuta ya kupikia.

Kwa fundi bodi nina ushauri mmoja tu, patana naye kwa kazi, usipatane kwa siku, na usimlipe hela ya rangi kabla hujaona bati likiwa tupu limepigwa prima, ile rangi ya msingi. Akishapiga puti hapo umeshafungwa macho, utaona uzuri tu.

Sasa injini. Hapa naomba mnivumilie maana ni sehemu ninayoipenda.

Injini ya petroli ya 504 silinda zake huchongi. Ina laina, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinazokaa katikati ya maji, unazichomoa unaweka nyingine na pistoni zake, zinakuja kwa seti. Chini kila laina imekalia siili nyembamba, na kinachoikandamiza isinyanyuke ni silinda hedi yenyewe, kile kifuniko cha juu cha injini. Ukishatoa hedi, laina zimebaki zimesimama hazijashikwa na kitu. Ukizungusha krenki hapo, ile shafti ya chini inayopandisha pistoni, pistoni inapopanda inaweza kupanda na laina yake, hata kidogo tu inatosha, siili imekufa na hutajua mpaka umefunga kila kitu umewasha.

Gereji ya kwanza walitoa hedi kubadilisha gasketi, kazi ya kawaida kabisa. Kijana akawa anazungusha krenki ili apate kukwangua kaboni juu ya pistoni moja moja. Mi nilikuwa nimesimama pale pale, nikaona kijana mchapakazi anasafisha mpaka pistoni, nikafurahi. Wakafunga, ikawaka safi, kila mtu akapewa soda. Kesho yake navuta dipstiki oili imegeuka kama chai ya maziwa, yaani maji yameingia. Nikarudi, wakaniambia bloku imepasuka, tutafute injini ya Toyota tubandike, hizi Pijo bosi zimepitwa na wakati. Nikaivuta kwa kamba nikaondoka.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja kule Unga Limited, Pijo amezianza akiwa kijana. Hakufungua hata boneti. Akauliza, "Walizifunga laina?" Nikamwambia laina gani mzee. Akacheka, akaenda kuvaa ovaroli.

Alichokuwa anafanya yeye ni kitu cha bure kabisa, hedi ikishatoka anachukua bolti na washa pana (vile vibati vya duara vyenye tundu) za kuokota pale chini, anazikaza kwenye matundu ya bolti za hedi, washa inakalia mdomo wa laina, ndo anashika krenki. Bloku haikuwa na ufa wala nini. Tukaagiza seti ya laina na pistoni Nairobi, Kirinyaga Road, wazee wa pale wanaendelea kupaita Grogan, ikaja na basi kupitia Namanga. Siku ya kufunga akalaza rula ya chuma juu ya bloku, akawa anapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kila laina, maana zinatakiwa zizidi bloku kidogo mno, vijisehemu vya milimita, na zote zilingane, la sivyo gasketi mpya itaungua na utarudi pale pale. Alipima, akaenda kunywa chai, akarudi akapima tena upya kama mtu mwingine vile. Nikamuuliza mzee si umeshapima? Akasema chuma ilikuwa na joto la jua, sasa imetulia.

Na chanzo cha yote, yaani kwa nini hedi iliungua tangu mwanzo, ni feni. Feni ya 504 haizunguki muda wote, ina sumaku ya umeme, injini ikipata moto swichi inapeleka umeme kwenye kikaboni kidogo kinachosugua pale kwenye puli, sumaku inashika, feni inaanza kuzunguka. Kikaboni kilikuwa kimeisha. Mafundi wengi wakikuta hivyo wanaifunga feni kwa bolti izunguke moja kwa moja, na gari inatembea tu haina shida, inaongeza kelele na kula nguvu kidogo. Mzee akakataa. Tukaagiza vikaboni.

Milioni 5 na laki 2 zote ziko humo ndani ya bloku. Sasa jiulize mnunuzi akija anaona nini. Anaona injini ya zamani imeoshwa.

Niliweka bei milioni 18. Nikasema hapo nimeshakata hasara yangu, sitaki faida, mtu mwenye akili ataona. Simu zikaanza.

"Bro mwisho bei gani?" Hata salamu hakuna.

"AC ipo?"

"Unapokea kiwanja Kisongo? Kina hati ya serikali ya mtaa."

"Kwa 18 si nachukua Toyota IST na chenji ya kufungulia duka."

Huyu wa IST watu walimcheka kwenye status yangu lakini mi nasema hana kosa. Anatafuta usafiri, IST spea zipo kila kona, inaenda kilomita nyingi kwa lita, akiamua kuuza wiki ijayo inauzika. Mi ningekuwa natafuta usafiri ningefanya hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba karibu kila mtu anayepiga simu anaipima gari yako na IST, na kwenye mzani huo injini uliyoifungua mpaka krenki ina thamani moja tu, inawaka au haiwaki. Ikiwaka umepata alama ile ile anayopata mwenye gari mbovu iliyowashwa kwa bahati asubuhi hiyo.

Dalali mmoja alichukua picha zangu akaweka cha juu chake mpaka gari ikafika milioni 25, marafiki wakawa wananipigia kunionya kuna tapeli anauza Pijo yako.

Kijana mmoja wa Njiro alikuja kweli kweli. Tukaenda nayo mpaka Usa River, akaendesha yeye, gia ya usukani akaishika baada ya kilomita mbili, akafurahi, akapiga video. Kurudi nikamtolea faili la risiti. Akazipekua kidogo kwa heshima akanirudishia, akasema, "Kaka hizi ni za kwako, mi za kwangu zitaanza nikishainunua." Akasema ana milioni 8. Nilikasirika siku ile. Lakini mtoto ana hesabu, anajua gari ya miaka hamsini ikishaingia kwake kuna kitu kitakufa tu, na spea yake iko Nairobi au Ulaya, na fundi anayeijua ni mzee.

Wengine mliniambia peleka Kenya, huko kuna wenye hela zao na wanazipenda. Ni kweli Nairobi kuna Concours d'Elegance kila mwaka, magari ya zamani yanapangwa kwenye nyasi majaji wanainama wanachungulia mpaka chini. Nilimpata mtu wa huko, tukaongea vizuri, lakini akaniambia kule mtumba unaoingia nchini hautakiwi kuzidi miaka 8, na hana moyo wa kuanza kupigana na makaratasi kwa ajili ya sedani. Na neno sedani hapo mlisikie vizuri. Peugeot walitengeneza 504 zaidi ya milioni 3. Zinazotafutwa kwa bei za kutisha huko Ulaya ni kupe na kabrioleti, ya milango minne iko nyuma sana. Ningekuwa na Land Rover ya zamani hapa Arusha ningekuwa naongea lugha nyingine, wale wana watalii, wana spea mpaka kwa machinga, tangu 2024 wana na tamasha lao hapa mjini. Mwenye Pijo ana mzee wa Unga Limited tu.

Ndo akaja mtu wa lodge ya Karatu. Alikuja na futi ya kupimia. Nawaapia, futi ya fundi seremala, akapima urefu, mita 4 na nusu hivi, akapima upana, akapiga picha kutoka pembeni akiwa amechuchumaa, akaniambia anataka kuiweka getini kwenye bustani wageni wawe wanapigia picha. Rangi aliisifia sana. Nikamwambia subiri niiwashe uisikie inavyonguruma, akanishika mkono, "Hapana mkuu, haina haja." Milioni 10, yote kwa mkupuo.

Yaani mtu aliyetoa hela nyingi kuliko wote ndo mtu asiyehitaji injini.

Nikampigia mzee kumwambia, maana niliona si vizuri asikie kwa watu. Akanyamaza kwanza, nikadhani salio limekatika. Afu akasema, "Mwanangu, ile injini usiipeleke ikafugiwe kuku." Nikamwambia sasa mzee nifanyeje. Akasema nipe mpaka jioni.

Jioni akanipa namba ya mtu wa Mang'ola, anabeba vitunguu na pikapu ya 504, injini yake imeanza kugonga, ameshazunguka mpaka amechoka. Nikampigia yule wa lodge nikamuuliza ukija kuichukua haina injini inapungua kiasi gani? Akafikiria kidogo akasema laki 5, kwa ajili ya winchi na vijana wa kushusha, maana haitajisogeza. Laki 5! Injini ya milioni 5 na laki 2 kwake ni hela ya vijana wa kushusha.

Mtu wa Mang'ola alikuja na fundi wake. Rangi hata hakuitazama, alipita pembeni yake moja kwa moja kwenye boneti. Akaniambia niwashe ikiwa ya baridi, akasubiri feni ishike, iliposhika akamwangalia fundi wake wakatingisha vichwa. Ndo mtu pekee katika wote waliokuja aliyeomba risiti mwenyewe, akazisoma moja moja, ile ya laina akaipiga picha. Tukapatana milioni 3 na laki 2 injini na giaboksi na rejeta na feni yake. Mzee ndo aliishusha, na alisimamia mpaka inafungwa kamba kwenye Fuso, akawafokea vijana wa watu wameweka kamba kwenye kabureta.

Kwa hiyo milioni 9 na nusu, jumlisha 3 na laki 2, jumlisha laki 6 za taa, stata na spea nyingine za akiba nilizouza pembeni, imekuja milioni 13 na laki 3. Pengo ni milioni 8. Ile ofa ya kijana wa Njiro pengo lingekuwa 13. Najua wapenzi wa magari mtanitukana, eti nimechinja gari zima iliyokuwa inatembea. Ingekuwa kupe hata mi ningejitukana. Lakini hii ni sedani, zipo, na ile injini sa hivi inapandisha vitunguu kutoka kule Mang'ola, Eyasi, badala ya kusubiri jumamosi nikapige nayo picha. Hiyo milioni 8 iliyobaki nimeigawa kwa muda wote niliokaa nayo, jumamosi zangu zote na yale niliyofundishwa na mzee, nikaona ni ada. Kuna watu hapa mjini wanamaliza hizo kwenye nyama choma na hawajui hata laina inakaa wapi.

Mambo ya makaratasi msiyapuuze. Mkataba wa lodge umeandikwa wazi bodi bila injini, mkataba wa Mang'ola una namba ya injini ili jamaa akarekebishe kadi yake, na mi nikaenda TRA, mamlaka ya mapato, kufuatilia kufuta usajili maana gari haitembei tena barabarani, sitaki kadi yenye jina langu iwe inazurura. Zamani hapa ndo ungekutana na deni la road lisensi la miaka yote gari ilipokuwa imelala juu ya mawe, wengi walikuwa wanatelekeza magari kwa ajili hiyo tu. Ile ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari iliyolala haikudai.

Nimebaki na raba ya kioo cha nyuma haijafunguliwa kwenye nailoni yake, kitasa kimoja cha mlango wa kushoto mbele, na vikaboni viwili vya feni. Raba laki moja na themanini, kitasa elfu 40, vikaboni elfu 15 kila kimoja. Viwanja sipokei.